Gawanya kwa 35: niliyojifunza kwa kuunda kifaru cha plastiki

Kifaru changu cha kwanza, mfano mdogo wa kile cha vita, kilinichukua miezi minne, na mjomba akakimaliza kwa swali moja. Alivaa miwani, akakigeuzageuza kiganjani, akaniuliza, "Mpwa wangu, hiki kilinyeshewa mvua ya kokoto?"

Nilikuwa nimekipaka udongo wa kwetu Bukoba, ule mwekundu unaoganda kwenye viatu. Nilijiona mjanja: wenzangu wananunua unga wa rangi wa kuagiza kutoka nje, mimi nina udongo wenyewe, wa bure, wa mahali penyewe. Kifaru kilikuwa Type 59, nakala ya Kichina ya T-54 ya Kisovieti, mojawapo ya vifaru vilivyotumiwa na jeshi letu katika Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979. Mjomba aliviona vikipita akiwa kijana. Kwa hiyo nilimpelekea nikitarajia machozi, nikapata kokoto.

Alikuwa sahihi, na hesabu yake ni rahisi. Kipimo cha 1/35 maana yake kila sentimita moja mezani ni sentimita 35 kwenye chombo halisi. Kifaru chenye urefu wa mita 9, ukihesabu na mzinga, kinakuwa na sentimita 26 hivi. Askari wa mita 1.75 anakuwa na sentimita 5. Hapo kila mtu anaelewa. Tunachosahau ni kwamba na uchafu nao unahesabiwa. Punje ya mchanga ya nusu milimita, ambayo kidoleni huijali, juu ya kifaru hicho ni jiwe la karibu sentimita 2. Mimi nilikuwa nimemwaga mamia ya mawe hayo juu ya bamba la injini.

Tangu siku ile kila ninachotaka kukifanya nakipitisha kwenye swali hilo: hiki, mara 35, kinakuwa nini?

Anza na rangi. Tabaka nene la brashi, tuseme sehemu mbili za kumi za milimita, ni milimita 7 za rangi kwenye kifaru cha kweli. Hakuna jeshi linalopaka hivyo. Vichwa vya boliti vinazama, mistari ya milango inazibika, na kazi ya aliyechonga kalibu inapotea. Punguza rangi kwa thina mpaka ikimbie kama maziwa, upake matabaka matatu au manne mepesi, na kila moja ulipe muda wa kukauka. Tabaka la kwanza litaonekana baya, lina mabaka. Liache hivyohivyo. Ukirudia brashi juu ya rangi iliyoanza kukauka, unaivuruga.

Usitumie kopo la rangi ya gari bila kulijaribu kwanza. Mimi nililipulizia karibu mno, rangi ikala plastiki, na ubavu mzima ukapata ngozi ya chungwa. Jaribu kwenye fremu tupu iliyobaki baada ya kukata vipande. Na rangi za kung'aa ziachie michoro ya Tingatinga, ambako mng'ao ndio uzuri wenyewe. Kifaru hakitakiwi kung'aa.

Kijani chenyewe nacho kipunguze. Kitu cha mbali huonekana kimepauka kuliko cha karibu, na ukitazama kifaru cha sentimita 26 mezani ni kama unakitazama kile halisi kutoka mita kadhaa. Kijani cha kopo kikipakwa kilivyo kitaonekana cheusi. Naongeza tone la kijivu cheupe au la rangi ya mchanga, kisha naendelea.

Kuhusu kuunganisha sina mengi. Osha vipande kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kabla ya chochote, maana vinatoka kiwandani na mafuta ya kalibu ambayo rangi hukataa kushika. Kata kwa koleo dogo mbali kidogo na kipande, kisha malizia kwa wembe na msasa namba 400, halafu 800. Gundi iwe ile nyepesi ya kuyeyusha plastiki: shikanisha vipande kwanza, gusa ufa kwa brashi, inajivuta yenyewe. Supagluu iweke kwa vipande vya chuma tu, na kwa kiasi, kwa sababu mvuke wake huacha ukungu mweupe. Dirisha liwe wazi.

Ila minyororo inataka subira. Kifaru cha aina ya T-54 kina magurudumu matano makubwa kila upande, na pengo kubwa kati ya la kwanza na la pili. Hakina yale magurudumu madogo ya juu ya kuubeba mnyororo. Mnyororo wa juu unayalalia hayohayo makubwa, kwa hiyo lazima ulegee, upande na kushuka kidogo kati ya gurudumu na gurudumu. Mnyororo wa chuma una uzito. Wa mpira ulio kwenye sanduku hauna, unakaa umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Ubandike juu ya magurudumu kwa gundi na uukandamize kwa vipande vya sponji usiku kucha. Ukinunua mnyororo wa pingu mojamoja, utalaani siku ya kwanza na kushukuru siku ya tatu.

Sasa turudi kwenye udongo, maana sikuuacha. Chukua kiganja kimoja, tia kwenye chupa ya maji, tikisa, hesabu mpaka thelathini. Mchanga unatua chini. Yale maji mekundu yaliyobaki juu yamimine kwenye sahani na uyaache mpaka siku ya pili au ya tatu. Mwaga maji safi taratibu, anika tope lililobaki, kisha lisage na ulipitishe kwenye soksi ya nailoni. Utapata unga laini kama poda ya mtoto. Huo ndio udongo uliogawanywa kwa 35, au angalau uliokaribia.

Mjomba akanifundisha pa kuuweka. Mimi nilikuwa nimepaka kila mahali sawasawa. "Watu wanapanda hapo," akasema, akionyesha mbele pembeni mwa dereva. Palipokanyagwa na mabuti vumbi halikai, panasuguliwa. Linajaa kwenye pembe, nyuma ya vifaa, chini ya kichwa kinachobeba mzinga. Tope la chini ni zito na jeusi likiwa bichi. La juu zaidi limekauka na kupauka. Kwa hiyo nafanya rangi mbili za udongo uleule, moja nimeichanganya na vanishi kidogo ibaki na unyevu.

Neno moja kwa walio Dar: vanishi ya kupuliza isiyong'aa usiiguse siku za masika. Hewa ikiwa na maji mengi inageuka nyeupe kama ukungu, na nimepoteza kichwa kizima cha kifaru kwa haraka ya Jumapili moja ya Aprili. Ngoja jua la mchana.

Cha pili nilikipeleka mwaka jana. Mjomba alikaa nacho muda mrefu bila kusema. Kisha akauliza mbona hakuna mkungu wa ndizi nyuma, wakati vijana wale walikuwa wanapewa ndizi kila kijiji. Nimepiga hesabu: mkungu wa sentimita 70 unakuwa sentimita 2, na ndizi moja inapata milimita 4. Nimeshaharibu miwili kwa kuifinyanga kwa gundi ya udongo, ile laini inayoganda ikikauka. Wa tatu upo dirishani unakauka.