Usikubali fundi akate masega ya bomba la moshi kabla hajakwambia yameziba kwa nini

Mwaka juzi gari langu lilianza kuchoka kwenye vilima vya njia ya Chake Chake kwenda Wete, Pemba. Nakanyaga mafuta, linanguruma tu, haliendi. Fundi akaingia chini, akaligonga bomba la moshi kwa spana, akasema: "Ami, masega yameziba. Tuyatoe, gari lipumue." Masega ndiyo katalitiki, kisafisha moshi kilichomo kwenye bomba. Nikakubali. Akakata, akaunga kipande cha bomba tupu, na jioni ile vilima nikavipanda bila taabu.

Wiki tatu tu. Macho yakaanza kuwasha nikiwa ndani ya gari, na binti yangu, ninayempeleka skuli kila asubuhi, akawa anashuka analalamika kichwa. Gari lilipopandishwa juu tukaona pale palipoungwa pana ufa, moshi unapenya sakafuni. Bado naumia nikikumbuka. Kwenye moshi wa petroli mna kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo hushikana na damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Masega yapo kwa ajili ya kuivunja gesi hiyo. Ni kauri yenye vitundu vingi vidogo, iliyopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Ikishapata moto wa nyuzi 300 hivi, sumu ile hugeuka kaboni dioksidi kabla haijatoka nje. Nami nililipa pesa yangu nitolewe kinga hiyo.

Fundi wa pili, mzee wa Wete, aliuliza ambalo wa kwanza hakuliuliza: yaliziba kwa nini? Akachomoa plagi, moja ikawa imekufa. Petroli ya silinda ile ilikuwa inapita mbichi na kwenda kuungua ndani ya masega mpaka yakayeyuka. Plagi ya bei ndogo! Gari linalokula oili nalo huyaziba, ila polepole.

Kwa hiyo gari likianza kumisi, yaani silinda moja inakosa kuwaka, au taa ya injini ikiwaka, usingoje mwisho wa mwezi. Na ukiambiwa masega yameziba, dai yapimwe. Sensa ya oksijeni ya mbele, ile iliyofungwa kwenye bomba kabla ya masega, inafunguliwa, geji ya presha inafungwa kwenye tundu lake. Injini ikiwa inanguruma taratibu bila kukanyagwa, geji ikipita psi 1.5 basi kweli moshi umebanwa. Kugonga kwa spana kunaweza kukuonesha kauri iliyovunjika, kwa vile hulia kama punje ndani ya kopo, lakini hakupimi kuziba.

Sisi wa visiwani tuna na kutu. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji, kwa mvuke. Ukizunguka mjini tu, bomba halipati moto wa kuyakausha. Maji yanalala humo, na nje chumvi ya bahari inakula. Ndiyo maana nilipofunga masega mapya nilichukua na bomba la chuma cha pua. Ni ghali, sikufichi, lakini kwa hewa yetu sioni la kuchagua jengine. Na kila wiki nalipeleka gari mpaka Konde, lipate moto sawasawa.

Masega ya zamani yakitoka, yadai uondoke nayo. Madini yale yana thamani, na wanunuzi wake wapo. Yangu ya kwanza sikuyaona tena.