Maswali ya Wasomaji: Siku Moja kwenye Makasri ya Outlander, Gari na Mwongozaji ni Wenu

Tamthilia ya Outlander, inayomfuata Claire, muuguzi wa miaka ya 1940 anayejikuta Scotland ya karne ya 18 na kumpenda Jamie, ilianza kuonyeshwa 2014, na hadi leo inawapeleka watu Scotland. Barua tulizochagua mara hii zote zinahusu safari ya siku moja ya kukodi gari pamoja na mwongozaji ili kuyaona makasri yaliyotumika kurekodia. Saa tumeziandika kwa hesabu yetu ya Kiswahili. Ratiba za kampuni za huko huandikwa 9:00, ambayo ni saa 3:00 asubuhi, basi msije mkachelewa gari.

Tuko wanne, tutakuwa Edinburgh siku tatu mwezi Julai. Kampuni moja imetupa ratiba ya makasri sita kwa siku, nyingine manne, na bei karibu sawa. Sita si bora? — Msomaji, Nairobi

Chukueni ya manne. Piga hesabu uone. Mzunguko wa kawaida ni Edinburgh, Midhope, Blackness, Linlithgow, Doune, kisha kurudi, takriban kilomita 150. Barabarani pekee zinaondoka kama saa tatu. Siku ya mwongozaji ni saa 8 au 9. Toa saa moja ya chakula na vyoo, zinabaki nne au tano. Kwa makasri manne, kila moja linapata saa moja na ziada. Kwa sita mtapata dakika 40, na kati ya hizo kumi ni za kutoka maegesho hadi langoni na kukata tiketi. Mtarudi na picha sita za lango.

Ratiba inayofanya kazi wakati wa kiangazi ni hii: ondokeni mjini saa 3:00 asubuhi, Midhope kabla ya saa 4, Blackness saa 4:30, Linlithgow kuanzia saa 5:45 hadi 7:45 pamoja na chakula cha mchana, Doune saa 8:30 hadi saa 10. Mtakuwa hotelini kama saa 11:15 jioni, msongamano wa magari ya watu wanaotoka kazini ukiruhusu. Midhope iwekwe mwanzo kwa sababu ni ndogo na haina pa kujificha: gari mbili za wageni zikishafika, hakuna tena picha ya ngazi za mlangoni bila mgeni aliyekaa juu yake.

Wakati wa baridi pindua mzunguko, Doune kwanza. Kuanzia Oktoba hadi Machi makasri mengi ya serikali hufunga saa 10 jioni, na kuingia kunakoma mapema zaidi. Katikati ya Desemba jua la Edinburgh linazama kama saa 9:40 alasiri. Mkiiacha Doune mwisho giza litawakuta humo.

Mkitaka kubadilisha, vukeni upande wa Fife: Culross, kijiji kilichotumika kama Cranesmuir, kasri la Aberdour, lililokuwa monasteri mwishoni mwa msimu wa kwanza, na Falkland, iliyogeuzwa Inverness ya miaka ya 1940. Ila usichanganye Fife na Doune siku moja.

Nataka kuona jiko la Castle Leoch na chumba cha tabibu alichotumia Claire. Mwongozaji anasema havipo. Ni kweli? — Msomaji, Dar es Salaam

Ni kweli, na mshukuru kwa kukuambia kabla hujalipa. Nje ya Castle Leoch, kasri la ukoo wa MacKenzie katika tamthilia, ni kasri la Doune, lakini sehemu kubwa ya ndani ilijengwa studio, katika mji wa Cumbernauld. Sababu ni ya kikazi: jiko halisi lina sakafu ya mawe na madirisha machache, huwezi kubomoa ukuta upitishe kamera, na taa na mitambo ya watu wengi havienei kwenye milango ya karne ya 14. Mafundi wa tamthilia walilitazama jiko la Doune wakajenga la kwao linalofanana nalo.

Hata hivyo jiko halisi lisikupite. Tao la meko yake lina upana wa zaidi ya mita 5, simama chini yake uone ng'ombe mzima angeingia bila kukunja miguu. Kando ya jiko kuna matundu ya kupokezea vyakula kwenda ukumbi mkuu. Kwenye kingo za mawe utaona michirizi ambayo kwa kawaida huelezwa kuwa ya kunolea visu. Ukumbi mkuu una meko katikati ya sakafu, jambo linalowashangaza wengi, na chumba cha bwana wa kasri kina meko mbili pacha. Kasri lilijengwa mwishoni mwa karne ya 14 na Robert Stewart, Duke wa Albany, aliyeitawala Scotland bila kuvaa taji.

Omba kifaa cha maelezo ya sauti ukifika. Sehemu ya Outlander imesomwa na Sam Heughan mwenyewe, anayeigiza Jamie, na sehemu ya Monty Python and the Holy Grail, filamu ya 1975, imesomwa na Terry Jones, mmoja wa waongozaji wake. Katika filamu hiyo Mfalme Arthur hana farasi: mtumishi wake anafuata nyuma akigonganisha vifuu vya nazi ili kwato zisikike. Usishangae kumkuta Mzungu wa makamo uani akigonga vifuu huku amekaza uso. Mtu wa pwani akitoka na vyake nyumbani atapata marafiki haraka.

Na sehemu nyingine, kwa ufupi. Midhope, yaani Lallybroch, nyumba ya kina Jamie, ni ya nje tu. Ndani ni gofu, sakafu si salama, na hakuna kampuni yenye ufunguo wa siri, hata ikikuahidi. Iko ndani ya milki binafsi ya Hopetoun, ambayo huuza tiketi zake yenyewe na hufunga njia siku za kurekodi au shughuli za shamba, kwa hiyo tazama tarehe kwanza. Blackness ilikuwa Fort William, ngome ya Kapteni Randall, adui wa Jamie, na uani pake ndipo Jamie alipochapwa viboko. Huko ua wenyewe ni mwamba mtupu unaopanda na kushuka. Ngome ina umbo la jahazi lenye ncha upande wa bahari, na wenyeji huiita meli isiyowahi kung'oa nanga. Linlithgow ilitoa lango na korido za gereza la Wentworth. Haina paa, lakini ina chemchemi ya mawe ya 1538 katikati ya ua, na hapo ndipo alipozaliwa Malkia Mary wa Scotland tarehe 8 Desemba 1542.

Mwongozaji mzuri utamjua hapa, kwa kuwa tamthilia na historia vinakutana kweli. Januari 1746 wafuasi wa Prince Charles Stuart, aliyeasi akidai taji la Uingereza, walilitumia kasri la Doune kama gereza, na wafungwa kadhaa walitoroka kwa kamba za mashuka. Wiki chache hazikupita, Linlithgow ikateketea baada ya askari wa serikali wa Duke wa Cumberland kulala humo. Vita vya Culloden, vilivyoumaliza uasi huo, vilipiganwa 16 Aprili mwaka huohuo. Kama mwongozaji wako anakuonyesha tu alipobusiwa nani, umemlipa dereva.

Mama yangu ana miaka 71 na magoti yanamsumbua. Pia tuna mtoto wa miaka 5. Twende au tuache? — Msomaji, Leicester

Nendeni, lakini pangeni upya. Linlithgow ndiyo rafiki ya mama: kuzunguka kasri kuna bustani kubwa ya wazi kando ya ziwa, na uani anaweza kuingia taratibu bila kupanda minara. Midhope ni mwendo mfupi kwa miguu. Doune ina kipando cha mawe ya mviringo langoni, kisha ngazi nyembamba za mzunguko zilizolika katikati. Akiona ua na vyumba vya chini, inatosha. Blackness mwacheni abaki garini au kwenye nyasi za nje, huo mwamba ukilowa unateleza kama sabuni. Mwambieni mwongozaji mapema, maana kuna wanaoweza kuomba kumshusha mzee karibu na lango.

Kuhusu mtoto: sheria ya Uingereza inataka kiti cha mtoto mpaka afike urefu wa sentimita 135 au umri wa miaka 12, chochote kitakachotangulia. Wakati wa kuweka nafasi andika umri, urefu na uzito wake. "Tuna mtoto" peke yake haimsaidii dereva, naye asubuhi ya safari hawezi kukimbilia dukani.

Viatu vya soli yenye meno kwa wote, na koti la mvua badala ya mwavuli. Upepo wa Blackness huupindua mwavuli dakika ya kwanza.

Nitajuaje kwamba kampuni ni halali, na bei inajumuisha nini? — Msomaji, Kampala

Bei ya safari ya faragha huwa ya gari, si ya kichwa. Ndiyo maana watu wawili huumia na watu sita hupata nafuu. Omba jibu la maandishi kwa mambo haya: saa ngapi na saa ya ziada ni kiasi gani, tiketi za makasri zimo au hazimo (mara nyingi hazimo), chakula, mahali pa kuchukuliwa, arubuni na siku ya mwisho ya kuirudisha, na kasri likifungwa ghafla inakuwaje. Hilo la mwisho si la kubuni. Upepo mkali hufunga makasri, na kwa miaka ya karibuni sehemu za makasri kadhaa zimekuwa zikizungushiwa uzio ili mawe ya juu yakaguliwe. Kampuni makini itakutajia kasri mbadala kwa jina.

Gari la abiria wasiozidi wanane linalokodishwa pamoja na dereva kwa siku huhitaji kwa kawaida leseni ya private hire kutoka halmashauri. Uliza namba ya leseni na bima ya abiria. Mwenye hizo hakasiriki ukimuuliza. Beji ya buluu, Blue Badge, ni jambo jingine: inaonyesha kwamba mwongozaji amepitia mafunzo marefu na mitihani. Wapo madereva-waongozaji hodari wasio nayo, lakini kama historia ndiyo unayoifuata, ilipie.

Makasri ya Blackness, Linlithgow na Doune yako chini ya Historic Environment Scotland, shirika la serikali linalotunza majengo ya kale, nayo ina pasi ya wageni inayofungua yote matatu, pamoja na makasri ya Edinburgh na Stirling. Ukipanga kuingia haya mawili makubwa pia, pasi karibu kila mara inashinda tiketi moja moja. Haifungui Midhope wala jumba la Culross, na kasri la Edinburgh bado utaweka saa ya kuingia hata ukiwa nayo. Bahashishi si lazima. Akiwafurahisha, asilimia 10 ni adabu ya kutosha.

Droni iacheni nyumbani. Picha za harusi au za biashara zinataka kibali kabla, hata kama "mpiga picha ni binamu tu".

Sala na chakula cha halali njiani vipi? — Msomaji, Muscat

Kwenye makasri hakuna vyumba vya sala. Mkiwa na gari lenu hili si tatizo, nyasi za bustani ya Linlithgow zinatosha jamvi, na kuna maji vyooni. Shida ni saa. Kiangazi adhuhuri inaingia kama saa 7:15 mchana na alasiri karibu saa 11:40 jioni, hivyo njiani mna moja tu. Desemba adhuhuri, alasiri na magharibi zote zinaangukia ndani ya safari, basi mpeni mwongozaji nyakati zenu kabla hajapanga vituo. Ijumaa chagueni siku nyingine, au mwishie mjini mapema kwenye msikiti mkuu wa Edinburgh, mtaa wa Potterrow.

Kwa chakula, hatari haiko kwenye nyama inayoonekana. Supu ya dengu ya Scotland mara nyingi huchemshwa kwa mifupa ya nguruwe, na samaki na chipsi katika maduka mengi hukaangwa kwa mafuta ya ng'ombe asiyechinjwa kihalali. Ulizeni mafuta ni ya nini, siyo tu "ni samaki?". Usalama ni kununua vyakula Edinburgh asubuhi na kuvila kando ya ziwa la Linlithgow.

Naweza kuongeza kasri la Hogwarts na lile la kwenye kisiwa lenye daraja? — Msomaji, Mombasa

La Hogwarts, shule ya Harry Potter, ni Alnwick, na liko England, si Scotland, kama kilomita 137 kusini ya Edinburgh. Lilitumika kwenye filamu mbili za kwanza na hufungwa majira ya baridi. Hiyo ni siku yake peke yake. La daraja ni Eilean Donan, lililoonekana katika Highlander ya 1986. Meli za serikali zililivunja 1719 na unaloliona lilijengwa upya, likakamilika 1932. Kutoka Edinburgh ni saa nne na nusu na zaidi kwenda tu. Lala Inverness, kutoka huko ni kama saa moja na nusu.

Nina viza ya Schengen na paspoti ya Tanzania. Inatosha kwa Scotland? — Msomaji, Zanzibar

Haitoshi. Scotland iko ndani ya Uingereza na unahitaji viza ya mgeni ya Uingereza, hata kama una ukaazi wa Oman au Dubai. Raia wa Oman na nchi za Ghuba wao huomba idhini ya kusafiri iitwayo ETA mtandaoni. Usilipe arubuni isiyorudishwa kabla viza haijatoka. Kampuni nyingi zitakubali kukushikia tarehe ukieleza.