Padri John Sullivan hakuzaliwa Mkatoliki

Eti Padri John Sullivan, yule Mjesuiti wa Ireland, kazaliwa Mkatoliki na sasa ni mtakatifu? Hapana, ukatoliki kaujia ukubwani. John Sullivan kazaliwa Dublin 1861, babake Mprotestanti aliyekuja kuwa Lord Chancellor wa Ireland, yaani jaji mkubwa kabisa kule, mamake ndo Mkatoliki, na enzi hizo kwenye ndoa za hivyo watoto wa kiume walifuata dini ya baba. Uwakili alisomea kweli, akasajiliwa Uingereza, ila 1896 akahamia Ukatoliki, 1900 akaingia kwa Wajesuiti, shirika la kitawa la Kikatoliki, 1907 akapata upadri, baada ya hapo ni ualimu Clongowes, shule ya Wajesuiti kule Ireland, na kuzunguka na baiskeli kuona wagonjwa mpaka alipofariki 1933. Na utakatifu hajaufikia bado jamani, ni mwenyeheri, yaani ngazi moja chini ya mtakatifu, katangazwa Dublin Mei 2017.