Nyama ya Wiki Nzima kwa Mlaji Mmoja

SWALI: Asalaam aleikum, bibi. Ninaishi peke yangu hapa Tudor na kazi yangu ni ya zamu, kwa hivyo kila Jumamosi hununua kilo 2 za nyama ya ng'ombe Marikiti na kuzipika mchuzi kwa mara moja. Sufuria huiacha mezani hadi asubuhi ipoe, maana nimeambiwa chakula cha moto huharibu friji, kisha hugandisha mchuzi wote katika bakuli moja. Kila jioni huuyeyusha, nikachota sehemu yangu na kuurudisha. Wiki hii, kufikia Jumanne, mchuzi ulikuwa umechacha. Nimekosea wapi?
Msomaji, Tudor

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Kwanza umwage mchuzi huo wote, wala usijaribu kuuchemsha upya, kwa sababu sumu zinazoachwa na baadhi ya vijidudu hazivunjwi na moto wa jikoni.

Bakuli moja limekuponza, lakini kosa lilianza usiku ule sufuria ilipolala mezani. Kuchemsha huua vijidudu vingi, ila vipo vinavyojifungia kama mbegu ngumu na kustahimili maji yanayotokota. Mchuzi ukipoa polepole, mbegu hizo huamka na kuzaana, hasa joto likiwa kati ya nyuzi 5 na 60, na usiku wa Mombasa wote umo ndani ya kipimo hicho. Friza nayo haiviui, huvilaza tu, kwa hivyo kila ulipouyeyusha mchuzi wote kwa ajili ya sahani moja uliviamsha tena.

Aliyekuonya kuhusu friji hakukosea kabisa, kwani sufuria ya moto hupasha vilivyo jirani nayo. Dawa yake ni kuupoza mchuzi haraka. Mara tu unapoepua, umimine katika sinia mbili pana, kina kisizidi vidole viwili, uziweke juu ya mabeseni ya maji yenye barafu, ukikoroga mara kwa mara. Utaona mvuke unakatika na mafuta yanaanza kushika pembeni. Gusa kitako cha sinia kwa kiganja, na kikiwa hakina moto tena, pakia. Tangu kuepua hadi kuingiza baridini zisipite saa 2.

Pakia katika vikopo vyenye vifuniko, kila kimoja mlo mmoja. Kilo 2 ukizigawa kwa robo kilo ya nyama mbichi zitakupa milo 8. Acha nafasi ya kidole kimoja juu, kwa kuwa mchuzi hufura unapoganda, na usiku wa kwanza usivipange vikopo kimoja juu ya kingine, ili baridi ikifikie kila kimoja upesi. Andika tarehe. Katika nyuzi 18 chini ya sifuri, ladha hubaki nzuri kwa miezi 2 hadi 3.

Jambo ninalolisisitiza kwa wapishi wote wa pwani: gandisha nyama na rojo lake la vitunguu, thomu, tangawizi na bizari, lakini tui na viazi viache nje. Tui likiganda kisha likayeyuka hukatika, na viazi hugeuka majimaji yenye chengachenga. Vitie siku ya kula, ndipo mchuzi utakapokuwa na ladha ya mchuzi uliopikwa leo.

Kikopo cha kesho kihamishie friji usiku wa leo. Ukisahau, bonge lililoganda litie sufuriani na maji kidogo, moto uwe mdogo, hadi litokote lote mpaka katikati ya vipande. Kilichobaki sahanini usikirudishe.

Umeme ukikatika, usifungue mlango. Friza iliyojaa hushika baridi kwa takriban saa 48, na iliyojaa nusu kwa saa 24, kwa hivyo panapobaki nafasi tupu jaza chupa za maji yaliyoganda.