Kishikio kisichokaa kwenye kinga nyembamba ya mtutu

Ndugu wa Nakuru, umeeleza kwamba kishikio cha mbele cha bunduki yako, cha plastiki, kilitengenezewa reli ya Picatinny (reli yenye meno ya kufungia vifaa), ilhali kinga mpya ya mtutu, yaani ganda linalouzunguka mtutu, ni nyembamba na ina matundu ya M-LOK tu (matundu marefu ya kufungia vifaa bila reli), nawe unauliza kama unaweza kukipunguza kwa tupa. Nakusihi usianze na tupa. Taya zake zimekusudiwa kubana reli yenye upana wa milimita 21.2, na ukizikwangua utabaki na ukuta dhaifu utakaopasuka unapokaza skurubu. Afadhali ununue kipande kifupi cha reli kinachofungwa kwenye matundu hayo, ambapo kila tundu lina urefu wa milimita 32 na upana wa milimita 7. Au, kama kimo kinachoongezwa na reli hiyo ndicho kinachokusumbua, tafuta kishikio kinachofungwa kwenye matundu moja kwa moja. Kabla ya yote, hakikisha bunduki haina risasi, kisha uchungulie ndani uone kwamba nati na ncha za skurubu hazigusi mtutu wala bomba la gesi (linalopeleka gesi ya baruti nyuma kuendesha bunduki), kwa maana kinga nyembamba huacha nafasi ndogo mno, na mtutu unaoguswa huharibu shabaha. Fundi wa silaha mwenye leseni ndiye anayefaa kukaza skurubu hizo.