Liyongo bila miujiza, anabaki nani?

SWALI: Shikamoo Bibi. Ninaandika riwaya ya kihistoria ya Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa masimulizi ya Waswahili, yenye watu wa kawaida, bila pandikizi la mtu wala mwili usioingia chuma. Nilipomsomea mjomba sura za kwanza alinikatiza: ukiondoa sindano ya shaba, ile iliyomuua, umemwondoa Liyongo mwenyewe. Niirudishe? Na nimweke karne gani? (Msomaji, Witu)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na karne, maana ukishaichagua, mengi yatajipanga yenyewe. Wapo wanaomsimulia Liyongo kuwa mtu wa Shanga, kisiwani Pate. Mji huo ulichimbuliwa na wanaakiolojia kina Mark Horton miaka ya 1980, wakakuta mabaki ya misikiti ya miti chini ya msikiti wa mawe, na vigae vya vyombo vya China. Ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 15. Ukimweka humo, toa mahindi, muhogo na pilipili kali jikoni kwa mama yake. Vyote hivyo asili yake ni Amerika, na Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498.

Lakini utenzi wa Muhammad Kijumwa wa mwaka 1913 unasema Liyongo aliozwa kwa Wagala, ndio Waoromo, na kwamba mtoto wa ndoa hiyo ndiye aliyemuua. Waoromo walisogea pwani karne ya 16 na ya 17. Kwa hiyo Shanga yenye watu na mke Mgala haviwezi kukaa katika riwaya moja. Mimi ningeshika ndoa, kwani bila mtoto yule hakuna kisa. Shanga iwe magofu anayopita akiwa mafichoni, na Wareno wawe baharini.

Sasa sindano. Irudishe! Mjomba wako ameona mbali. Mwili usioingia chuma ni jambo ambalo mji mzima uliliamini, na imani ya watu ni historia pia. Sultani wa Pate, aliyetaka Liyongo afe, aliiamini, ndiyo maana hakutuma askari, alimtuma mwana wa Liyongo mwenyewe, akamwahidi binti yake na uwaziri. Kijana akamwuliza baba yake ni kitu gani kinachoweza kumuua. Hapo ndipo ninapokuomba ukae kurasa nyingi, usiharakishe. Liyongo alitambua kwamba mwanawe ametumwa na anadanganywa, na bado akamwambia: sindano ya shaba, kitovuni. Kwa nini alisema? Alichoka kuwindwa? Alitaka kumpima mtoto? Utenzi haukupi jibu, wewe lazima uwe nalo kabla hujaandika neno la kwanza la sura hiyo.

Kifo chenyewe hakihitaji muujiza. Jeraha la tumbo mara nyingi haliui papo hapo. Mtu shupavu anaweza kuamka, akashika upinde, akajikokota hadi kisimani, akapiga goti na kufia hapo mshale ukiwa tayari. Watu wanamwona kwa mbali, wanadhani yu hai, hakuna anayethubutu kuteka maji. Andika kiu ya mji: ndoo tupu, watoto wanaolia, wazee wanaomsihi mama yake akambembeleze mwanawe aondoke.

Kutoroka gerezani nako usikubadilishe sana. Ile tupa, kifaa cha kukatia chuma, iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa (pumba za nafaka), walinzi wanaokula mikate mizuri na kumwachia mfungwa ule mbaya: hiyo ni akili ya mama anayewajua walinzi. Ila Saada, kijakazi aliyebeba chakula hicho, mpe nafasi kubwa. Angekamatwa yeye kwanza, na masimulizi yanamtaja kama mpita njia tu.

Kabla ya sura ya kikoa, yaani mlo wa zamu, ile ambayo wenzake walipanga kumpiga mishale akiwa juu ya mkoma, mti mrefu wa jamii ya mnazi, mwombe mjomba akupeleke upande wa Kipini ukaiangalie mikoma. Simama chini ya mmoja, utazame matunda yalivyo juu, ndipo utajua kwa nini Liyongo aliona heri kuyaangua kwa mshale.