Wasomaji Wanauliza: Mlo wa Kiitaliano, kutoka Malindi hadi Brescia

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu mikahawa ya Kiitaliano ya miji midogo. Wengi wenu mnaenda Malindi, na mmoja anasafiri kwenda Italia kwenyewe. Meza yetu ya mapishi imezijibu hapa chini.

Mimi na mume wangu tulikula Malindi. Menyu ilikuwa na antipasti, primi, secondi, contorni na dolci, tukaogopa kwamba lazima tuagize kila kimoja. Kisha samaki wa kuchoma akaletwa peke yake, bila chipsi wala wali. Tulipunjwa? — Msomaji, Voi

Hamkupunjwa, dada. Menyu hiyo imepangwa kwa zamu za mlo. Antipasti ni vya kufungulia kinywa, primi ni pasta, rizoto na supu, secondi ni nyama au samaki, contorni ni mboga na viazi, na dolci ni vitamutamu. Kila zamu ina sahani yake na bei yake. Samaki wenu alikuwa kwenye secondi, kwa hiyo jikoni wakamchoma yeye tu na kumwekea kipande cha ndimu. Viazi na saladi vilikuwa vimeandikwa chini zaidi, kwenye contorni, navyo huagizwa kando. Mikahawa kadhaa ya Malindi huweka kiandamizi kwenye sahani hiyo hiyo kwa sababu wateja Wakenya wamezoea hivyo, na mingine haiweki. Muulizeni mhudumu kabla ya kuagiza: "Samaki huyu anakuja na nini?"

Kula zamu zote si lazima, na Waitaliano wenyewe hawafanyi hivyo kila siku. Kwa watu wawili, antipasto moja ya kugawana na kisha kila mtu primo au secondo moja yatosha kabisa. Sahani ya pasta hupimwa gramu 80 hadi 100 za pasta kavu, nazo zikiiva hufikia karibu mara mbili ya uzito huo. Mkitaka vyakula vyote viletwe pamoja, semeni mapema, maana jiko la aina hii husubiri sahani ya kwanza iondoke mezani ndipo liivishe ya pili.

Rizoto ina saa yake. Mchele wake hukaa motoni dakika 16 hadi 18 huku mpishi akiongeza supu kidogo kidogo na kukoroga, ndiyo maana menyu nyingi huandika kwamba hupikwa kwa watu wawili kwenda juu. Ikifika mezani baada ya dakika tano, jueni ilipikwa mapema na imepashwa moto tu. Hiyo msiilipie bei ya rizoto mpya bila kuuliza.

Niliagiza spageti zikaja ngumu katikati. Nilizirudisha, zikarudi zimekuwa kama uji. Nifanye nini siku nyingine? — Msomaji, Mtwapa

Spageti kavu hutengenezwa kwa ngano ngumu, na Muitaliano huzitaka ziwe na ukinzani kidogo kwenye meno. Mpishi huzitoa kwenye maji dakika moja au mbili kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, akazimalizia ndani ya kikaango chenye mchuzi, akiongeza upawa wa maji yale yale ya kuchemshia. Wanga ulio kwenye maji hayo ndio unaoufanya mchuzi ushike. Sahani iliyokamilika hivyo ikirudishwa jikoni haiwezi kuchemshwa tena. Itapashwa kwenye kikaango pamoja na mchuzi, mchuzi utakauka, na pasta itavimba na kukatika. Hicho ndicho kilichokupata.

Namna ya kujua kama kweli haijaiva: ng'ata uzi mmoja katikati na uutazame. Kitone chembamba kilichopauka kidogo ni sawa. Ukiona kiini cheupe cha unga, na kipande kinagandamana na meno, hiyo ni mbichi na una haki ya kuletewa sahani nyingine mpya.

Kama hupendi ukinzani huo, sema unapoagiza: "Naomba iive zaidi." Njia bora kuliko hiyo ni kuchagua chakula ambacho ni laini kwa asili yake. Tagliatelle mbichi za mayai, ambazo hukandwa kwa yai moja kwa kila gramu 100 za unga, huiva kwa dakika mbili au tatu na ni laini. Lasagne na gnocchi, yaani vidonge vya viazi, ni hivyo hivyo. Wazee na watoto hufurahia hizo.

Sisi ni Waislamu. Nikimuuliza mhudumu "Chakula hiki ni halali?" anajibu ndiyo kwa kila kitu. Nitajuaje kwa hakika? — Msomaji, Lamu

Badilisha swali, ndugu yetu. Mhudumu akisikia "halali" mara nyingi hufikiria nyama ya nguruwe peke yake, na huenda hajui mchuzi ulianzwa na nini. Uliza mambo matatu, moja moja: kuna nyama gani ndani, hata ya kuungia tu? Mmekaangia mafuta gani? Kuna divai au kileo chochote? Asipojua, mwombe aende kumuuliza mpishi, na usione haya. Jikoni wanaulizwa hivyo kila siku na wateja wenye mzio.

Penye hatari zaidi ni kwenye vyakula vinavyoonekana havina neno. Amatriciana huonekana kama mchuzi wa nyanya wa kawaida, kumbe huanzwa kwa guanciale, shavu la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, na mafuta yake ndiyo yanayokaangia nyanya. Guanciale hiyo hiyo iko kwenye carbonara, pasta ya mayai na jibini. Ragù ya nyama ya ng'ombe, mchuzi wa nyama ya kusaga, nayo huwekwa pancetta, yaani tumbo la nguruwe. Hata ile resipe iliyosajiliwa Bologna mwaka 1982 inayo. Tortellini za Bologna hujazwa nyama ya nguruwe, na minestrone, supu ya mboga, huweza kuungwa kwa mafuta ya nguruwe.

Divai hutaka uelewe jiko linavyofanya kazi. Spageti za kamba au kaa hupikwa ukishaagiza. Mpishi humwaga divai nyeupe kwenye kikaango cha moto mwanzoni, kwa hiyo ukisema "bila divai" inawezekana kabisa, na supu ya samaki au maji ya pasta hushika nafasi yake. Rizoto inayoanzwa upya ni vivyo hivyo. Lakini ragù iliyochemka tangu asubuhi haiwezi kutolewa divai yake. Mhudumu akikuambia "tutaitoa" kwa ragù, agiza kingine.

Vitamutamu vina mitego yake. Tiramisù nyingi huwekwa marsala, ambayo ni divai, au rum pamoja na kahawa, na huandaliwa saa kadhaa kabla, kwa hiyo haibadiliki mezani. Babà, aina ya keki, huloweshwa rum. Panna cotta hugandishwa kwa jelatini ambayo Waitaliano huiita "colla di pesce". Jina linataja samaki, lakini siku hizi kwa kawaida hutokana na nguruwe. Malindi, mikahawa mingi huwa na aiskrimu ya maembe au ya ndimu, na hiyo ya matunda ndiyo rahisi kuiamini, ingawa nayo uliza.

Unaweza kula nini bila wasiwasi mwingi? Spageti za kitunguu saumu, mafuta ya zeituni na pilipili. Penne all'arrabbiata, zenye nyanya na pilipili. Pasta alla Norma ya Sicilia, yenye nyanya, bilingani za kukaanga na jibini ya ricotta iliyotiwa chumvi. Pesto ya rehani. Piza margherita. Anayejali chanzo cha jibini ajue kwamba parmigiano hugandishwa kwa kigandisho cha tumbo la ndama na pecorino kwa kawaida kwa cha mwanakondoo, na wanyama hao hawakuchinjwa kwa ajili yetu. Wanazuoni wana kauli zao hapo, nasi tunaishia kwenye mapishi.

La mwisho ni vifaa. Uliza kama mashine ya kukatia salami ndiyo inayokata jibini, na kama wavu wa kuchomea samaki ndio wa soseji. Mkahawa makini utakujibu waziwazi na utakubali kuuosha wavu.

Kwa nini Malindi, mji mdogo hivyo, una mikahawa mingi ya Kiitaliano? — Msomaji, Morogoro

Kwa sababu ya roketi. Miaka ya 1960 Italia ilijenga jukwaa la San Marco baharini kwenye pwani ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, na tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya kwanza ikarushwa kutoka hapo. Ile setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru iliruka hapo tarehe 12 Desemba 1970. Mafundi walikuja na familia na ndugu, watalii wakawafuata, na wapishi nao wakaja.

Menyu iliandika kamba mawe kwa bei ndogo, lakini bili ilipokuja nilishtuka. Nani alikosea? — Msomaji, Nakuru

Bei uliyoiona huenda ilikuwa ya gramu 100. Samaki mzima, kamba mawe na kaa huuzwa hivyo, kwa uzito wa kabla ya kupikwa, pamoja na gamba na kichwa. Tuseme menyu imeandika Sh450. Kamba mawe wa gramu 700 atakuwa Sh3,150. Kama bei haikujumuisha kodi, ongeza VAT ya asilimia 16 na ushuru wa utalii wa asilimia 2, yaani Sh567, na jumla inafika Sh3,717. Ikiwepo ada ya huduma, nayo inaongezwa juu. Mstari mdogo chini ya menyu ndio unaoeleza kama kodi imo, kwa hiyo usome huo kwanza.

Omba aletwe mezani na apimwe mbele yako kabla ya kwenda jikoni. Ni desturi ya kawaida, hakuna atakayeudhika. Kumbuka pia kwamba nyama ya mkia ni takriban theluthi ya uzito wa kamba mawe mzima. Kwa watu wawili wenye njaa, kamba mmoja wa gramu 700 akitiwa kwenye spageti hushibisha kuliko akichomwa, kwa sababu maji ya kichwa chake yanaingia kwenye mchuzi.

Msimu nao ni muhimu. Wakati wa kusi bahari huchafuka, mashua ndogo hutoka kwa nadra, na jikoni hutegemea friza zaidi. Baadhi ya mikahawa hufunga kabisa wakati wa masika, hasa Mei na Juni. Piga simu kabla hujafunga safari.

Namtembelea dada yangu katika mji mdogo karibu na Brescia, kaskazini mwa Italia. Anasema mikahawa ya huko ina masharti. Ni yapi? — Msomaji, Dodoma

Kubwa ni saa. Jiko hufunguliwa kama saa sita na nusu mchana na kufungwa saa nane au nane na nusu, kisha halipiki tena hadi saa moja au moja na nusu usiku. Ukifika saa tisa alasiri utapata baa na mkate wa kubana tu. Mikahawa mingi hufunga siku moja ya wiki, na siku hiyo huandikwa mlangoni. Mchana wa Jumapili familia nzima nzima hutoka, kwa hiyo mwombe dada yako aweke nafasi mapema.

Kwenye bili utaona "coperto", ada ya kukaa mezani pamoja na mkate, mara nyingi euro 1.50 hadi 3 kwa kila mtu. Ni halali, mradi imeandikwa kwenye menyu. Bakshishi si lazima. Maji huletwa ya chupa na hulipiwa. Kinyota pembeni ya jina la chakula kina maana kwamba kitu hicho huenda kiligandishwa. Siku za kazi mchana tafuta "pranzo di lavoro", mlo wa bei moja wa mafundi na wafanyakazi, wenye primo, secondo, kiandamizi, maji na kahawa, mara nyingi kwa euro 12 hadi 16. Hapo ndipo mji mdogo unapokula vizuri kwa bei nafuu, na hatujui njia bora kuliko hiyo ya kuanzia.

Agiza polenta. Ni unga wa mahindi ya njano, sehemu moja kwa maji manne, unaokorogwa dakika 40 hadi 50. Ni laini kuliko ugali wetu, na huliwa kwa uma pamoja na nyama ya mchuzi au jibini. Ile iitwayo taragna huchanganywa unga wa buckwheat (aina ya nafaka), jibini na siagi tele, nayo hushibisha upesi, kwa hiyo usitangulize pasta.

Piza ya tanuri la kuni ilikuwa na madoa meusi na katikati imelowa. Tulipobeba iliyobaki nyumbani ikawa kama mpira. — Msomaji, Kilifi

Madoa madogo meusi ukingoni ni ya kawaida kwa piza ya mtindo wa Napoli. Tanuri huwa na nyuzi 430 hadi 480, na donge la gramu 250 huiva kwa sekunde 60 hadi 90. Mozzarella hutoa maji, hivyo katikati hulowa kidogo. Pindua kipande utazame chini: madoa ya kahawia ni sawa, weusi mtupu au unga mweupe mbichi ni kosa la mpishi, irudishe. Anayependa piza kavu aombe "iive vizuri", au atafute ile nyembamba ya mtindo wa Roma. Na marinara haina samaki ndani. Ni nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta tu, na wengi huiagiza wakitarajia kamba.

Ya kubeba huharibiwa na mvuke unaobaki ndani ya boksi. Acha kifuniko wazi kidogo njiani. Nyumbani, weka vipande kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, dakika tatu bila kufunika ili chini pakauke, kisha funika dakika moja jibini iyeyuke. Usitumie maikrowevu, ndiyo inayoifanya iwe ngumu kutafuna.